Mwaka Niliojitibu kwa Wimbo wa Mazishi

Tulimzika Enosi siku ya Jumanne, kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya mji wa Njombe, kukiwa na ukungu na baridi ile inayoingia kwenye viungo vya watu wa umri wangu. Nilitoka Makambako asubuhi, nikafika wakati msemaji wa familia anawaita watu waseme lolote juu ya marehemu. Enosi alikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali ya misheni kwa miaka mingi, na hapakuwa na nyumba hapo jirani ambayo hakuwahi kuingia na mkoba wake. Watu wakasimama mmoja mmoja. Huyu alisema Enosi alimfunga mguu uliovunjika na mpaka leo anacheza ngoma. Mama mmoja akasema alimzalisha mapacha huku paa likivuja. Mzee mwingine akavua kofia akaonyesha kovu kichwani, watu wakacheka, hata mjane akatabasamu. Msemaji akauliza, "Yupo mwingine aliyetibiwa na marehemu?" Akanitazama mimi, maana alijua tulivyokuwa tukitembeleana. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Mtu aliyenirudishia uanaume wangu amelala kwenye sanduku hatua tatu kutoka nilipo, na mimi nafunga kiatu.

Ndiyo maana naandika. Nilisoma darasa la pili tu, na nikikosea, msomaji atanivumilia, kwa sababu jambo lenyewe sikutaka kumpa mtu anisahihishie. Nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani, hayo hayana kazi hapa. Naandika mwaka mmoja tu, mwaka wa kupasua mbao, wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya askari wetu kurudi kutoka vita vya Bama. Na majina nitayataja. Wakati ule wote walinitaja mimi kwa jina langu sokoni, kanisani na kwenye vilabu vya pombe ya ulanzi, hakuna aliyeona haya. Filipo bado yu hai, ana wajukuu, anakaa kiti cha mbele kwenye mikutano. Mzee Zakaria amekufa. Shangazi Rebeka amekufa. Waliokufa nao nitawataja, kwa kuwa kufa hakumfutii mtu alilotenda.

Kazi yetu ilikuwa msituni, upande wa Lupembe. Gogo linalazwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na katikati yao msumeno mrefu wa mikono miwili. Wa juu anaongoza msumeno ufuate mstari, wa chini anavuta na kula vumbi. Mimi nilikuwa wa juu. Tulikuwa na desturi yetu wapasua mbao, ambayo hakuna mzungu aliyetufundisha: kabla mtu hajapanda, gogo linachongwa bapa upande wa juu, halafu linamwagiwa majivu ya jikoni, ili nyayo zishike. Kila kambi ilikuwa na debe lake la majivu. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri, na gogo lilikuwa bado na gome lake, lina ukungu wa kijani unaoteleza kama sabuni. Nikamwambia nyapara wetu, Filipo, angoje tulichonge. Filipo akacheka. "Majivu ya nini? Mnapika sabuni hapa? Lori liko njiani, panda." Nikapanda. Sijui kwa nini nilipanda. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeoa mwaka uliotangulia, na kijana wa namna hiyo hapendi kuonekana mwoga mbele ya nyapara.

Nilivuta msumeno mara nne au tano. Miguu yote miwili ikaenda, mmoja kulia na mwingine kushoto, nikashuka kwa uzito wangu wote nikalipanda gogo kama mtu anayepanda punda. Pale katikati, kati ya korodani na tundu la haja kubwa, ndipo palipopokea. Sikupiga kelele. Niliona weupe tu, nikasikia mwenzangu shimoni akiita, "Mgaya! Mgaya, vuta!" Hakujua kilichotokea huko juu. Filipo alikuja akanitazama nilivyojikunja, na neno la kwanza lililotoka kinywani mwake lilikuwa, "Leo Mgaya ameoa gogo." Kambi nzima ikacheka. Neno hilo lilisafiri kwa lori la mbao likafika Njombe kabla yangu.

Mkojo ulikataa kutoka, ikatoka damu. Siku ya pili nilikuwa nimevimba tumbo kama mama mjamzito, wakanipakia juu ya mbao wakanipeleka hospitali. Daktari mzungu alinitazama mara moja, akaagiza mpira wa kutolea mkojo, na aliyeutia mpira huo alikuwa Enosi. Wakati huo alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mfupi, mwenye mikono ya joto, anayevaa kaptula ya jeshi na soksi ndefu hata siku za kazi za usafi. Alikuwa ametumika jeshini kwenye hospitali za vita. Nililala pale wiki tano, chumba kirefu cha vitanda kumi, dirisha moja halikufunga, na kila jioni walituletea uji wa mahindi na maharage yaliyopikwa bila chumvi ya kutosha. Kitanda cha jirani alilala mzee wa Makete mwenye pumu, ambaye kila mgeni wake alipofika alimwambia kwa sauti, akidhani nimelala, "Huyu ndiye wa gogo." Na mgeni alikuwa akisema, "Ah, ndiye huyu?" kama aliyepelekwa kuonyeshwa mnyama.

Siku mpira ulipotolewa, mkojo ulinitoka wenyewe. Nikikohoa unatoka. Nikiinuka unatoka. Enosi alivuta pazia, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kamwene, Mgaya."

"Kamwene."

"Hilo la mkojo naliona. Lingine je? Asubuhi inaamka?"

"Nini?"

"Usinifanye mtoto, mimi nimefua mashuka ya kikosi kizima. Inaamka au haiamki?"

Nilitazama ukuta. "Haiamki," nikasema. "Tangu gogo."

Akatikisa kichwa taratibu, bila kushangaa, na kutokushangaa kwake kulinipa nguvu kuliko dawa. Akaniambia kwamba chini kule pana nyama iliyotandazwa kama machela, inashika kibofu, inashika haja kubwa, na hiyo hiyo ndiyo inayozuia damu isikimbie mwanamume anaposimama. Yangu ilikuwa imepondwa ikalala. Huko Bama, alisema, palikuwa na daktari mmoja wa Kihindi aliyewatibu askari walioumia nyonga, na hakuwapa mizizi wala vidonge, aliwapa mazoezi. "Ukikojoa leo, kata mkojo katikati, mara moja tu, ujue ni nyama gani inayokata. Ukishaijua, chooni usirudie, utakiharibu kibofu. Fanya ukiwa umelala, magoti juu. Ivute ndani na juu, kama mtu aliyebanwa na upepo mbele ya baba mkwe wake." Nikacheka, ikaniuma. Akaendelea, "Usikaze matako. Usikaze mapaja. Tumbo liwe laini kama unga. Na upumue. Watu wote wanakosea hapo, wanakaza tumbo na kuzuia pumzi, wanadhani ndiyo nguvu."

Nikamwuliza nikaze kwa muda gani. Akaniuliza kama nina saa. Mimi na saa wapi? "Unaimba kanisani?" akauliza. Nikasema naimba. Basi akautaja wimbo mmoja wa kitabuni, wa mistari minne, ule tunaouimba jeneza linaposhuka. "Mstari wa kwanza kaza. Wa pili legeza kabisa, kulegeza nako ni kazi. Wa tatu kaza, wa nne legeza. Beti zote tano, mara tatu kwa siku."

"Lakini Enosi, huo ni wa mazishi."

"Ndiyo. Za harusi zinakwenda mbio mno."

Nilimwuliza kama nitapona. Hakuniahidi. Alisema wengine walipata nafuu kwa miezi mitatu, wengine sita, wengine mkojo ulikauka na hilo lingine halikurudi. Kisha nikamfanya aape. Nilimshika mkono nikamwambia aape kwamba hatamwambia mtu yeyote kuwa mimi siamki. Akaapa. "Mkeo utamwambia mwenyewe," akasema, "maana utahitaji mtu wa kukusimamia." Kiapo kile nilikiomba mimi, mpaka leo nakumbuka alivyosita kabla ya kukitoa.

Mke wangu, Melina, nilimwambia siku hiyo hiyo niliyorudi nyumbani. Alikuwa anamenya viazi, hakuacha kumenya. Aliniuliza maswali mawili tu: kama inauma, na wimbo wenyewe ni upi. Kuanzia kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mvua ikipiga bati, nilikuwa nalala chali kitandani na yeye anakaa kando, kiganja chake juu ya tumbo langu, anaimba kwa sauti ya puani. Nilikuwa mjanja wa kuiba. Nyama ya chini inachoka upesi, basi mtu anasaidia kwa tumbo. Melina alikuwa anahisi mara moja. "Tumbo, Mgaya," anasema. "Umekaza tumbo. Anza tena." Nikikasirika anarudi ubeti wa kwanza bila kunijibu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Sijapata kuona tena mtu anayemsimamia mwenzake kwa namna ile, bila kumwonea huruma na bila kumdharau. Wiki ya sita tangu nianze, nilikohoa na suruali ikabaki kavu. Tulikaa kitandani tukakohoa wote wawili kwa makusudi kama wagonjwa wa kifua, tukicheka. Hilo lingine lilikuwa bado limelala.

Sasa Filipo. Kuna mambo mawili aliyasema, na yote nina hakika nayo, kwa kuwa walioyasikia waliniambia. La kwanza ni lile la gogo. La pili alilisema baada ya bwana wa mbao kumwuliza kwa nini watu wake wanaanguka. Badala ya kusema habari ya majivu, alisema mimi nilipanda nikiwa mgonjwa tayari, kwamba mwezi uliotangulia nilikaa wiki nzima Makambako, na huko nilipata ugonjwa wa wanawake. Ni kweli nilikaa Makambako wiki. Siku hizo Makambako haikuwa na treni wala kelele za leo, palikuwa njia panda ya magari, hoteli mbili tatu za chai, vibanda vya pombe na upepo. Alinipeleka Filipo mwenyewe, nishushe mbao nizilinde mpaka lori la Iringa lije. Nililala juu ya mbao, nikajifunika turubai. Lakini nani ataamini? Mtu ana mpira kwenye uume, anavuja mkojo, na alikuwa Makambako. Watu walijumlisha wenyewe. Hivyo nikawa na sifa mbili zinazogombana: kwa wengine nilikuwa mzinzi mwenye kisonono, kwa wengine nilikuwa mwanamume aliyeoa gogo, asiyeweza tena kuoa kitu kingine.

Hiyo ya pili ndiyo iliyofika kwa watu wa Melina. Wakamtuma Shangazi Rebeka. Kwetu binti akidhaniwa hana mume ndani ya nyumba, baba yake haji kuuliza, anakuja shangazi, na kikapu chake na mkeka wake, anasema amekuja kusalimia. Alilala upande wa pili wa kitambaa kilichotugawa na jiko. Mwanamke mkubwa, mwenye pua inayosikia kila kitu. Chakula akakisifu, nyumba akaisifu, na kila asubuhi nilipotoka kwenda uani nilikuwa nasimama nyuma ya ukuta wa jiko, nasikiliza.

"Anakugeukia?"

"Ananigeukia, shangazi."

"Mara ngapi kwa wiki?"

"Sihesabu."

"Mwanamke wa ndoa ya mwaka mmoja hahesabu? Mimi za mume wangu nilihesabu mpaka alipokufa."

Sufuria ikafunikwa. Melina akacheka kidogo, kicheko cha uongo mtupu, na shangazi naye akacheka, nikajua Melina amenusurika siku hiyo. Aliyekuwa akihesabu beti kwa ajili yangu ndiye aliyesema hahesabu. Kwa kuwa kitanda hakikuwa na siri tena, tulihamisha mazoezi jikoni. Mimi nakaa kwenye kigoda nikiota moto, yeye anachagua maharage na kuimba, na mimi nakaza na kulegeza huku nimetazama majivu. Shangazi Rebeka aliteta siku ya nne. "Mbona nyumba hii kila siku wimbo wa matanga? Kafa nani?" Melina akasema, "Hajafa mtu, shangazi. Hajafa," akaendelea na mstari wa tatu. Alidanganya siku kumi na mbili hivyo hivyo, asubuhi kwa asubuhi, mtoto wa watu aliyelelewa asiseme uongo hata juu ya yai lililovunjika.

Kanisani nilikuwa nafanya pia, kila wimbo uliokwenda polepole. Enosi alisema zoezi la kukaa ni gumu kuliko la kulala, na benchi la kanisa halina mto. Nilikuwa nafumba macho ili nisikaze tumbo, midomo inacheza, jasho linanitoka kwenye paji la uso hata siku ya baridi kali. Mzee Zakaria alikuwa mzee wa kanisa, anakaa pembeni akiwatazama watu kuliko anavyoitazama altare. Aliniona Jumapili tatu mfululizo. Ya nne akanifuata nyumbani, Melina na shangazi wakiwa kisimani, akanishika bega machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu, nimekuona unavyopigana."

"Napigana na nini, mzee?"

"Na dhambi. Roho anakushughulikia. Sijaona mtu anayeshughulikiwa kama wewe tangu niwe mzee wa kanisa. Toa, mwanangu. Usilishike ndani."

Ningekuwa na akili ningecheka. Yeye ananiambia nisilishike ndani, na kazi yangu yote ya mwaka ule ilikuwa kushika ndani. Nikamwambia sina la kutoa. Akavuta kigoda, sauti ikabadilika. "Watu wanasema mawili juu yako. Wako wanaosema umeugua Makambako, kwa uzinzi. Wako wanaosema si hivyo, wanasema wewe si mwanamume tena, na binti wa watu anakaa humu bure. Juma lijalo ni la meza ya Bwana. Wazee wataniuliza. Niwaambie lipi?"

Ndipo nilipofanya nilichofanya. Nimekitafakari miaka yote hii nikiranda mbao, na kila mara nakuta kilichukua muda mfupi kuliko mstari mmoja wa ule wimbo. Mzinzi anatengwa, anakaa benchi la nyuma miezi kadhaa, anarudishwa, na vijana wanamwonea wivu kidogo. Mwanamume asiyesimama harudishwi na mtu. "Makambako," nikasema. Mzee Zakaria akanikumbatia. Namtaja hapa kwa sababu alinipa mlango wa uongo akaushikilia ukiwa wazi, huku akifurahi. Hakuuliza kama ni kweli. Nilipomwambia sina la kutoa alikataa, nilipomwambia "Makambako" aliniamini palepale.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu wote. Nilisema nilianguka na mwanamke Makambako, naomba kusamehewa. Benchi la wanaume lilinong'ona, na nakiri mbele yenu kwamba nilisikia mabega yangu yakinyooka kwa mara ya kwanza tangu gogo. Kisha nikatazama upande wa wanawake. Melina alikuwa ameinamia kitabu cha nyimbo, anakitazama kilichofungwa. Shangazi Rebeka, pembeni yake, alikuwa amesogea kidogo kwenye benchi, nafasi ya kiganja kimoja, kama mtu anayeogopa kuambukizwa.

Nyumbani Melina alipika. Viazi na njegere, siku hiyo akaunga kwa karanga, chakula cha wageni. Aliniwekea, akanawa mikono, akasimama mlangoni.

"Mgaya, nimemdanganya shangazi yangu siku kumi na mbili."

"Najua."

"Hujui. Ungesema umeumia, ningekaa. Ungesema hutapona kabisa, ningekaa, ningemwambia shangazi uso kwa uso kwamba nimekataa kuondoka. Sasa umesema una mwanamke, na umesema mbele ya shangazi yangu na kanisa zima. Nikibaki, mimi ni mke wa mgonjwa wa Makambako. Nikisema umedanganya, nimekuvua nguo. Umeniacha nisimame wapi?"

Nilikula. Naona aibu zaidi kwa kile chakula kuliko kwa maneno ya kanisani, kwa sababu nilikimaliza chote.

Kesho yake Shangazi Rebeka alimpeleka hospitali achomwe sindano ya kisonono, kabla hajampeleka kwao. Enosi alimpima, akasema huyu binti hana kitu. Shangazi akasema, "Basi bado kidogo tu, tumemtoa kwa wakati." Jioni Enosi alikuja kwangu, hakukaa, hakutaka uji. "Wako njiani kwa miguu," akasema, "nina baiskeli nje. Niruhusu nimwambie yule mama. Neno moja tu: mtu huyu aliumia kazini, anafanya mazoezi, anaendelea vizuri. Nifungulie kiapo changu, Mgaya." Nilimwuliza, "Utamwambia na lile lingine?" Akasema itabidi, maana bila hilo hatamwamini. Nikasema hapana. Akanisihi. Nikasema hapana mara ya pili, na mara ya tatu nikamkumbusha kwamba aliapa. Akachukua baiskeli yake akaondoka akiikokota, hakuipanda. Huo ndio ulikuwa mlango wa pili, na huo haukushikwa na Filipo wala Zakaria wala Rebeka. Mtu aliyeufunga ni Yakobo Mgaya, na jina lake naliandika hapa pamoja na yao.

Niliendelea na mazoezi. Usiniulize kwa nini, labda kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichobaki ndani ya nyumba kinachofanyika kwa saa yake. Nilijiimbia mwenyewe, mkono wangu mwenyewe juu ya tumbo. Wiki ya pili baada ya Melina kuondoka, asubuhi ya Jumatano, niliamka nikakuta nimeamka. Mzima kabisa, kama kijana anayekwenda jandoni. Nililala nikakitazama kitu kile na upande mtupu wa kitanda, jogoo wa jirani anawika, na sikujua nimwite nani nimwonyeshe. Nilitembea mpaka kwao siku hiyo hiyo. Baba yake hakunikaribisha ndani. Walikwisha kuivunja ndoa, na mwalimu mmoja wa upande wa Kidugala alikwisha kuleta posa yake. Nilisimama uani nikataka kusema, "Nimepona," lakini nimepona nini? Kwao nilikuwa nimepona kisonono.

Nilihamia Makambako. Nilifikiri, kama wamenisingizia mji, basi nikae humo. Nikawa fundi seremala, nikaoa, nikazaa watoto wanne, nikazika mke. Watoto wale wanne ni ushahidi mzuri, lakini kesi ilikwisha kuamuliwa. Na kwa wanaume wanaosoma hapa, wanaonunua mizizi kwa siri sokoni na kurudi nyumbani na hasira: mazoezi ni yale niliyoyaandika, hayana gharama, yanataka miezi na si siku, na mtu wa kukuambia ukikosea. Nendeni pia kwa daktari, msione haya, damu ikitoka au mkojo ukigoma msingoje hata siku moja kama nilivyongoja mimi. Kama mngemfahamu Enosi ningewaambia nendeni kwake.

Basi Jumanne, msemaji alipoona sisemi, aliita kwaya. Jeneza likaanza kushuka, na wakauanza ule wimbo, ni wa mazishi, nilipaswa kutarajia. Mstari wa kwanza haujafika katikati nikajikuta nimekaza. Sikuamuru. Nyama ile ilisikia ikavuta yenyewe, ndani na juu, na mstari wa pili ikalegea, na wa tatu ikavuta, mzee mwenye mvi kando ya kaburi la tabibu wake. Nikainua macho nione kama kuna anayeniona. Ng'ambo ya kaburi, kati ya wanawake waliovaa kaniki, wote wanaimba, alikuwepo mmoja aliyefunga mdomo. Amenenepa, ana miwani iliyofungwa uzi. Hakuimba hata neno moja mpaka beti zote tano zikaisha.

Baadaye, watu wakinawa mikono, alipita karibu nami akiwa ameshikwa mkono na mkwewe. Akasimama.

"Kamwene, Mgaya."

"Kamwene, Melina."

Nilikuwa na la kumwambia, nimelibeba miaka yote hii: nilipona wiki ya pili, siku ya Jumatano, ungengoja kidogo tu. Yeye alikuwa ananitazama, si usoni, chini kidogo, pale koti langu linapofungwa vifungo, na nikatambua kwamba tangu nimwone nimezuia pumzi.

"Tumbo, Mgaya," akasema kwa sauti ya chini. "Umekaza tumbo."

Akaendelea na njia yake. Hakusema nianze tena.